Punda Niliyemuua Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa darasa la tano. Kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, na kwamba hatasahihisha wala hatasoma nisipotaka. Haya. Kwa faida ya atakayeliokota: mwenye daftari ana miaka kumi na mitano, ni mrefu kuliko mwalimu wake, anafungua kabureta akiwa amefumba macho, na leo amerudishwa shule kukaa na watoto wa miaka kumi na mmoja. Magoti hayaingii chini ya dawati, kwa hiyo nakaa upande. Kengele ya pili haijalia wameshanibatiza Babu.

Niliondoka shule miaka miwili iliyopita, kwa miguu yangu, katikati ya kipindi. Mwalimu wa wakati ule alinisimamisha nisome kwa sauti, nikakwama, darasa likacheka, nikachukua mfuko wangu nikaenda moja kwa moja gereji kwa Mjomba. Mama, ambaye anafua mashuka ya hospitali, hajawahi kulimeza hilo. Mwezi uliopita alikwenda kumkalia Mwalimu Mkuu ofisini mpaka akakubali kunirudisha, ila kwa sharti. Siku mbili kabla ya kufunga shule nitasoma mbele yake ukurasa mmoja atakaouchagua yeye, bila kuruka neno. Nikishindwa, ndiyo basi tena, nafasi yangu anapewa mtoto mwingine.

Mjomba kasema spana zangu hazitaguswa na mtu. Kwa hiyo mimi kokote nashinda.

Mtu ataniuliza, kama kusoma kunakusumbua, unaandikaje? Ninayoandika ni maneno yangu mwenyewe, nayajua yanakotoka na yanakokwenda. Ya watu wengine ndiyo yananipiga chenga.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hesabu. Nimewafunika wote. Wanasema ni kwa sababu nina umri wa baba zao.

Ijumaa, 8 Machi

Huyu mwalimu ana tabia moja mbaya, na ninaiandika hapa ili iwe ushahidi.

Kila siku, dakika ishirini za mwisho, anatoa kitabu mkobani na kutusomea. Ni kitabu chembamba. Kuna msichana anayepeleka barua milimani, ana punda wa jicho moja, na nyuma yao kuna mwizi anaitwa Kidole Kimoja anayeitaka barua hiyo. Mwalimu anasoma vizuri, hilo sikatai. Maneno ya mwizi anayasoma kwa sauti nzito mpaka unasikia harufu ya soksi zake. Lakini kengele ikilia, anaacha hapo hapo. Leo msichana kafungua mlango wa zizi, akaona kwenye majani kuna, NGRIIII, mwalimu kafunga kitabu.

"Kuna nini, Mwalimu?" darasa zima.

"Jumatatu."

"Mwalimu, jamani! Neno moja tu!"

"Mkitaka, kitabu hiki hapa mezani. Hakiumi mtu." Akabeba mkoba wake akaondoka.

Nimempa jina la Mwalimu Kengele. Mimi hadithi za punda hazinihusu. Nimemuuliza tu Sindano kama anajua kulikuwa na nini kwenye majani. Sindano ni msichana wa dawati la mbele, mwembamba kama jina lenyewe na anachoma vile vile. Kasema, "Soma mwenyewe, Babu, au miwani umesahau?"

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya leo si ya mchezo. Paa letu ni bati tupu, ikinyesha ni kama mtu anamwaga misumari. Mwalimu alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka, hatusikii kitu. Mwisho akatuita wote mbele, watoto thelathini na nane tumejibana kuzunguka kiti chake. Mimi kwa urefu wangu nilikuwa nyuma kabisa na bado naona kitabu juu ya vichwa vyao. Nimeyaona maneno yenyewe anavyoyasoma. Mengine nimeyatambua kabla hajayafikia. Manne. Tuseme matano.

Kwenye majani kulikuwa na kofia ya Kidole Kimoja, bado ina joto.

Jumatatu, 18 Machi

Hakuna jipya. Mwalimu Mkuu kapita na funguo zake zikilia kiunoni. Vitabu vyote vya shule viko kabatini kwake, vimefungwa ili visichafuke. Hiki kimoja Mwalimu Kengele alikiomba kwa barua.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Bati. Mwalimu anakohoa.

Jumatano, 27 Machi

Leo naandika sana, niacheni.

Sauti ya mwalimu imekwisha kabisa. Asubuhi kaingia na kitambaa shingoni, kaandika kila kitu ubaoni. Zilipofika dakika ishirini za mwisho, darasa likanywea, tukajua leo hakuna punda. Mwalimu kachukua kitabu, kazunguka madawati taratibu, akakiweka mbele yangu. Mbele yangu mimi. Kaandika ubaoni: BABU ATATUSOMEA.

Nikaangalia mlango. Ni ule ule niliotoka nao miaka miwili iliyopita, hata bawaba yake bado imelegea. Lakini yule mwalimu wa zamani alinisimamisha ili aone kama najua. Hawa thelathini na saba walikuwa wananitazama kwa sababu wanataka kujua msichana atavukaje mto. Hiyo ni shida nyingine kabisa. Nikafungua.

Nusu ukurasa wa kwanza niliusoma mwenyewe, jasho linatiririka. Hakuna aliyecheka. Kisha nikafika juu ya ukurasa wa arobaini na moja, aya ndefu haina hata pa kupumzikia, maneno marefu kama treni ya mizigo. Nikasoma mstari mmoja nikakwama. Sekunde moja. Mbili. Mtoto mmoja nyuma kaanza kukohoa kile kikohozi cha kicheko.

Basi nikainua uso nikaendelea bila kuangalia kitabu. Nikawaambia punda aliingia mtoni kwanza, maji yakafika shingoni, akamgeukia msichana na lile jicho lake moja, akalia mara moja tu, mto ukamchukua. Punda akafa. Nilimuua kwa ufundi, nasema mwenyewe. Watoto watatu walilia. Mmoja alitoa kwikwi mpaka akapewa maji. Kengele ikalia, nikafunga kitabu paa, kama mwenyewe Mwalimu Kengele.

Walinipigia makofi. Mwalimu alikuwa ameegemea dirisha, kitambaa mdomoni, macho yanalengalenga. Nimewaliza mpaka walimu. Sina mpinzani.

Alhamisi, 28 Machi

Nina mpinzani.

Nimefungua kitabu leo nisome panapofuata, mstari wa kwanza kabisa unasema: punda alitikisa masikio, akaendelea kupanda mlima.

Nilisoma kabla sijajua ninachosoma.

"Punda gani?" akauliza mtoto wa kwikwi.

"Punda... mwingine," nikasema. "Wa jirani."

"Ana macho mangapi?"

Sindano kasimama. Hakuinua hata mkono kuomba ruhusa. "Punda hajafa. Nimesoma mapumzikoni. Ukurasa wa arobaini na moja, katikati. Babu ametudanganya."

Kelele ilivyolipuka hata mvua ilinyamaza. Mtoto wa kwikwi kasimama juu ya dawati, "Nimelia bure! Nimelia bure mimi!" Mwingine anataka nimfufue, mwingine anataka nifukuzwe. Nikasema na mimi, kwa ujeuri, kwamba kitabu ndicho kimekosea.

Mwalimu kagonga ubao kwa kifutio mara tatu. Kaandika: ANAYEBISHA AWEKE KIDOLE PANAPOSEMA.

Sindano kaja mbele, kaweka kidole. Foleni ikajipanga nyuma yake yenyewe. Kila mtu anataka kuona kwa macho yake kama punda yuko hai. Walisoma ile aya mmoja mmoja, hata wale ambao sijawahi kuwaona wameshika kitabu. Mimi peke yangu ndiye sikwenda.

Ijumaa, 29 Machi

Mwalimu kanipa kitabu nikae nacho mpaka Jumatatu. Katia kikaratasi ndani: "Aya moja tu."

Jumamosi, 30 Machi

Jumamosi nafanya kazi gereji. Saa ya chakula nilipanda kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilo na injini, nikafunga mlango, nikafungua ukurasa wa arobaini na moja.

Neno refu linalegea kama boliti yenye kutu. Huwezi kulitoa kwa nguvu, unaligonga kidogo huku, kidogo kule, mpaka liachie. Nimemaliza ile aya kwa saa nzima na chakula changu kimeliwa na Mjomba. Lakini nimeimaliza.

Punda hakuingia mtoni. Alifika kwenye daraja la kamba akalala chini, akakataa katakata. Msichana alimvuta, akamsukuma, akamtukana. Walipokuwa katika ugomvi huo daraja likakatika lenyewe, tupu, likaanguka. Kidole Kimoja alikuwa amezikata kamba zake upande wa pili. Punda alikuwa ameziona zile kamba kwa jicho lake moja.

Yaani nilimuua aliyemwokoa msichana. Sehemu tamu kuliko zote katika kitabu, niliitupa kwa sababu ya mistari minane.

Pia nimeacha alama ya dole gumba pale pembeni, nyeusi ya mafuta. Nimejaribu kuifuta ikatanuka.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimesimama mbele nikasema, "Punda yu hai. Nisikilizeni." Nikasoma ile aya neno kwa neno. Nilikwama mara tano na mara zote tano wakasubiri. Daraja lilipoanguka, mtoto wa kwikwi alipiga kelele kwa furaha akaanguka kwenye dawati.

Sindano kasema, "Ya kwako ilikuwa inaliza zaidi." Sijui ni sifa au sindano.

Alhamisi, 4 Aprili

Hawaniamini tena, na hiyo ndiyo balaa. Mapumziko yote wanagombania kitabu wakague nitakayoyasoma jioni. Wanaita "kukagua Babu". Wamejipanga kwa zamu, wanne wanne. Nikiruka hata neno "na", vidole ishirini viko hewani. Na mimi inabidi nikague kabla yao, nisije nikaaibika. Kwa hiyo nafika shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi! Mlinzi wa geti kaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Jumanne, 9 Aprili

Ukurasa wa hamsini na nane. Sijaruka. Mwalimu bado hana sauti, wiki ya pili sasa.

Jumatatu, 15 Aprili

Mwalimu Mkuu kaingia kufanya ukaguzi, kakiona kitabu. Kakifungua kwa ncha za vidole kama anafungua nepi. Kona zimekunjika, na pale arobaini na moja, dole gumba langu.

"Nani kachafua?"

Nikasimama. "Mimi, Mwalimu Mkuu."

"Mafuta?"

"Ya gia, Mwalimu Mkuu."

"Shule ina vitabu mia mbili kabatini havina hata doa."

Sindano kasema polepole, lakini si polepole ya kutosha, "Havina hata msomaji."

Mwalimu Mkuu kakitia kitabu kwapani. "Kitarudi mkijifunza kunawa." Funguo zikaondoka zikilia, na punda wetu ndani ya kwapa lake, kwenye ukurasa wa sabini na mbili, juu ya jabali, na Kidole Kimoja chini yake.

Jumanne, 16 Aprili

Dakika ishirini za mwisho tumekaa tunatazamana. Watoto wananiambia nitunge. "Tuambie tu, Babu, uongo wowote." Nikakataa. Nimejishangaa. Mimi nakataa kudanganya!

Jumatano, 17 Aprili

Mapumzikoni Sindano katupanga mstari kwenye bomba la uani. Tumenawa kwa sabuni, watoto thelathini na saba na Babu mmoja, mvua inatumalizia. Tukaenda chini ya dirisha la ofisi tukainua mikono juu, imelowa, hatusemi kitu. Dakika tano. Mimi mkono wangu wa kulia nimeusugua kwa mchanga mpaka ukachubuka, bado kucha ni nyeusi, hizo hazitoki.

Dirisha likafunguka, mkono ukatoa kitabu. Dirisha likafungwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Siri nzito. Naiandika hapa tu.

Nilikuwa chini ya gari nabadilisha mafuta. Nikasikia mwanamke anamfokea Mjomba kuhusu cheni ya baiskeli yake, sauti safi, inatoka kifuani, hata mbwa wa jirani kaamka. "Fundi, umeifunga kinyume, na wiki iliyopita nilikuambia hivyo hivyo!" Nikatazama viatu. Navijua viatu hivyo. Vinapita kando ya dawati langu kila siku.

Nikateleza nikatoka chini ya gari. Mwalimu Kengele akaniona. Akashika koo, akakohoa kikohozi cha uongo kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na mimi ni mtaalamu.

"Imerudi lini, Mwalimu?"

Akaangalia huku na huku. "Siku tano baada ya kupotea."

"Siku tano! Sasa ni wiki tatu unaandika ubaoni!"

"Na mkono unaniuma, usifikiri," akasema. "Babu, ningerudi kusoma mimi, wangekaa wanisikilize. Sasa wanasoma."

Nikamwambia ameniweka kwenye moto makusudi. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama siku ile ya punda alijua.

"Kitabu hicho nimekisoma mara tisa. Ulipomzamisha nilijifunika kitambaa nisiangue kicheko."

Kumbe yale machozi. Na mimi nilijisifu katika daftari hili hili.

"Mbona hukunisema?"

"Nilijua Sindano atakuwahi."

Mjomba kauliza huyu ni nani mbona mnanong'ona. Nikasema ni mteja, cheni yake nitaifunga mwenyewe. Nimeifunga vizuri. Siri yake ninayo, yangu alikuwa nayo muda wote, tumelingana.

Jumatatu, 29 Aprili

Mwalimu kaandika ubaoni "koo bado". Nimekohoa kwa niaba yake. Karibu acheke.

Jumapili, 5 Mei

Mama anapiga pasi sare yangu, kitu ambacho hajafanya tangu nianze. Kaniuliza bila kuinua uso, "Unataka kufaulu, au unanifurahisha mimi?"

Nikamwambia nataka kujua barua ina nini.

"Barua gani?"

Nikamsimulia tangu mwanzo. Pasi ikaunguza kola. Ananilaumu mimi.

Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Machi ningeshindwa nikaenda gereji huku napiga mluzi. Sasa nikishindwa, darasa la tano watamaliza kitabu bila mimi.

Jumatano, 8 Mei

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ina meza moja, kabati moja, viti viwili mbali mbali, na bati kama letu. Mvua ilianza nilipokaa. Mama yuko nje ukumbini, nauona ukingo wa gauni lake mlangoni. Mwalimu Kengele kasimama pembeni na kitambaa chake shingoni.

Mwalimu Mkuu alikuwa na glasi ya chai. Kaangalia kabati lake, kaangalia kitabu chetu mkononi mwangu. "Lete hicho hicho. Nisingependa kuchafua kingine." Kakifungua mbele kidogo ya tulipofika, ukurasa wa tisini na tatu. Sikuwahi kuuona. Darasa limefika themanini na tisa.

Nikaanza. Mvua ikazidi.

"Sisikii," akasema. Akavuta kiti kikaja hatua moja.

Msichana amefika mjini, anatafuta nyumba iliyoandikwa kwenye bahasha. Mwalimu Mkuu kainua mkono. "Msichana gani huyu?"

"Mpeleka barua, Mwalimu Mkuu. Ametembea siku kumi na nne na punda wa jicho moja."

"Na huyo Kidole Kimoja?"

"Mwizi. Walimpoteza kwenye jabali. Nadhani."

"Endelea."

Katikati ya ukurasa nikalikuta neno. Lilikuwa refu, limejaa kutu, silijui mbele wala nyuma. Nikasimama. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama dirishani, mvua inapiga kelele. Ningeweza kuliruka, na kwa Mungu asingejua. Ningeweza kumtungia ukurasa mzima akalia kwenye chai yake. Kinywa tayari kilikuwa wazi.

Nikamkumbuka punda amelala darajani, anakataa.

Nikaligonga lile neno kidogo huku, kidogo kule. Nikarudia. Ukingo wa gauni mlangoni ukasogea. Mwalimu Mkuu kageuka kuniangalia. Likaachia. Nikalisema lote, nikaenda mbele.

Kiti kikavutwa tena. Sasa magoti yetu yanakaribiana, anasoma mdomo wangu. Msichana kagonga mlango. Hakuna jibu. Kagonga tena. Mistari miwili imebaki, naisoma polepole, nimeshaona inakokwenda: "Mlango ukafunguliwa kidogo, na mkono uliotoka kuipokea ile barua ulikuwa na kidole..."

Ukurasa ukaisha hapo.

"Kidole kimoja?" akasema Mwalimu Mkuu. "Kidole gani? Geuza."

Nikafunga kitabu.

"Sharti lilikuwa ukurasa mmoja, Mwalimu Mkuu."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Mwalimu Kengele alitoa sauti, sauti halisi kabisa kwa mtu mwenye koo bovu. Mwalimu Mkuu akaniangalia, akaangalia kitabu, akaangalia mvua.

"Na huu unaofuata utasomwa lini?"

"Inategemea, Mwalimu Mkuu. Kama muhula ujao nitakuwepo."

Kisha akavuta orodha ya darasa la tano, akaandika jina langu kwa kalamu ya wino, polepole, kama mtu aliyeibiwa na anajua aliyemwibia. "Ondoka ofisini kwangu," akasema. Nikainuka na kitabu. "Hicho acha hapa."

Nje, Mama kaniuliza, "Haya?" Nikamwambia arudi kwenye pasi yake, sare itahitajika.

Ijumaa, 10 Mei

Tumefunga shule. Mvua nayo imekatika, bati limenyamaza, mwalimu kapona ghafla. Tumemaliza kitabu darasani leo, mimi na Sindano tukipokezana. Barua ilikuwa na nini siandiki. Kama unataka kujua, kitabu kipo.

Ila hili naliandika. Kitabu kilirudishwa asubuhi na mlinzi wa geti, na pamoja nacho ufunguo mdogo wa kabati umefungwa kwa uzi. Tulipofika ukurasa wa mia moja na nne, mbali kabisa na pale nilipoishia ofisini, tukakuta duara la kahawia katikati ya maandishi, sawasawa na kitako cha glasi ya chai.

Sindano kanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyeuliza nani kachafua.